Jicho la Kwanza na Daftari

(Haya ni maneno aliyoyasema afisa wa uhusiano wa polisi na jamii katika baraza la wakazi wa mpakani, mbele ya wazee, wafanyabiashara, waendesha bodaboda na askari wa zamu. Yamechapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)

Nawashukuru kwa kuziacha biashara zenu asubuhi hii, maana najua kwamba asubuhi ya mchuuzi ikishapita hairudi.

Katika baraza lililopita, mama mmoja anayeuza samaki wakavu alisimama akaniuliza: "Mwanangu, mbona kila nikipita mimi nasimamishwa, na yule mwenye koti anapungiwa mkono?" Nilimjibu upesi kwamba askari mzoefu ana jicho, na kwamba humtambua mtu kwa kumtazama tu. Watu wakacheka, baraza likaendelea na mambo mengine. Lakini jibu lile lilinifuata hadi nyumbani, na leo nimekuja kulirekebisha.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa askari kijana katika kituo ambacho sitakitaja, nilimsimamisha mama mwenye makapu mawili ya nyanya. Alikuwa akitokwa na jasho, akikwepa macho yangu, akijibu kwa neno moja moja. Moyo uliniambia kwamba huyu ana magendo, nami sikuwa na shaka hata kidogo. Nilimzuia tangu asubuhi hadi alasiri, nikamwaga makapu chini, nikapekua hadi sakafu ya kapu. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amemwacha mtoto mgonjwa kwa jirani, akikimbilia soko apate fedha ya dawa. Aliokota nyanya zilizosalia nzima bila kunitazama, akaenda zake. Siku hiyo hiyo nilimpitisha kijana nadhifu aliyeniamkia vizuri na kuniulizia hali ya watoto. Jioni alikamatwa mbele ya safari akiwa na shehena ya magendo. Kukamatwa kwa kijana yule kuliandikwa kitabuni. Machozi ya mama yule hayakuandikwa popote. Laiti kijana asingekamatwa, ningelala usiku ule nikijiona askari mwenye jicho kali.

Ndugu zangu, mabishano kati ya jicho la kwanza na hesabu ya makini ni ya siku nyingi, na katika miaka hii yameandikiwa vitabu vilivyosomwa na watu wengi duniani. Mwaka 2005 mwandishi Malcolm Gladwell alitoa kitabu kiitwacho Blink, kinachosifu uwezo wa binadamu wa kuamua katika kufumba na kufumbua. Anaanza na sanamu ya kale ya kijana wa Kiyunani, ambayo jumba la makumbusho la Getty, huko California, liliuziwa kwa karibu dola milioni 10. Mtaalamu wa miamba alilichunguza jiwe lake kwa vyombo akasema ni la kale. Lakini mabingwa kadhaa wa sanaa waliitazama mara moja tu wakahisi kuwa haiko sawa, ingawa hawakuweza kueleza mara moja ni kwa nini. Makumbusho hayo yalifika mahali pa kuandika kwenye kibao chake kwamba ni ya Uyunani ya karibu mwaka 530 kabla ya Kristo, au ni ya kughushi ya siku hizi. Mwaka 2018 iliondolewa katika maonyesho.

Askari wengi wanaosikia kisa hicho hufurahi. Husema, basi hata sisi tuna jicho kama la mabingwa hao. Kwa bahati mbaya wengi hawafiki kwenye sura za mwisho za kitabu hicho hicho, ambako mwandishi anaeleza habari za Amadou Diallo. Huyu alikuwa kijana wa miaka 23 kutoka Guinea, mchuuzi wa barabarani mjini New York, mtu wa kazi kama yenu. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999 askari wanne waliovaa nguo za kiraia walimwona amesimama mlangoni pa nyumba aliyoishi. Walimdhania mhalifu. Alipoingiza mkono mfukoni, walidhani anatoa bastola, nao wakafyatua risasi 41, na 19 kati yake zikampata. Alichokuwa nacho mkononi ni pochi. Askari wale walishtakiwa, na mwaka 2000 baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia. Sikuja kuihukumu upya kesi ya watu wengine. Nataka mtambue tu kwamba ni kitabu kimoja, na katika kitabu hicho jicho la kwanza limeokoa heshima ya mabingwa upande mmoja, na upande wa pili limeua.

Tofauti iko wapi? Jibu lililoniridhisha limetoka kwa watu wawili waliokuwa wapinzani. Daniel Kahneman, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, maisha yake yote alionyesha jinsi hisia za haraka zinavyotudanganya. Gary Klein alitumia miaka mingi kuwachunguza wazima moto na kuona jinsi hisia zao zinavyowaokoa. Mwaka 2009 waliandika makala pamoja, wakakubaliana kwamba jicho la mzoefu huaminika pakiwepo mambo mawili. La kwanza, kazi yenyewe iwe na utaratibu unaojirudia, ili dalili ya leo iwe na maana ile ile kesho. La pili, mtu awe amepata nafasi ya kutosha ya kujifunza utaratibu huo, na kila akosapo aambiwe upesi kwamba amekosa.

Mpishi akizidisha chumvi huambiwa mezani. Mvuvi akisoma upepo vibaya, bahari humwambia. Nani humwambia askari wa mpakani? Aliyesimamishwa bure huenda zake akinung'unika, na manung'uniko hayaingii kitabuni. Aliyepitishwa na magendo hawezi kurudi kutujulisha. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa kizuizini miaka 20, akawa na uzoefu wa miaka 20 wa kutojua kama alikosea. Nasema haya nikijihesabu mimi wa kwanza.

Nitawapa hesabu ndogo, tena ni ya kudhania, si takwimu ya kituo chochote. Tuseme watu 1,000 wanavuka kwa siku, na kati yao 10 wana magendo. Tuseme tumempata askari hodari mno: kila wahalifu 10 huwatambua 9, na kila watu wema 10 humkosea mmoja tu. Askari wa namna hiyo sijapata kumwona, lakini tumkubali. Atawakamata wahalifu 9. Katika wale watu wema 990 atawasimamisha 99. Jumla amesimamisha watu 108, na 9 tu ndio wenye makosa, yaani mmoja katika kila 12. Hao 11 wengine ni ninyi mliokaa hapa. Na askari hana ubaya wowote, ana jicho la ajabu! Ni kwamba watu wema ni wengi sana kuliko wabaya, na jicho halijui kuhesabu wingi huo.

Tena jicho hupenda kujitungia sheria. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya abiria aliyekutwa na dawa za kulevya uwanja wa ndege. Aliyesimamishwa alikuwa nazo kweli, na mahakama iliwakubalia maafisa. Lakini Jaji Thurgood Marshall aliwapinga wenzake, akakusanya kesi zilizotangulia akaonyesha kwamba msafiri mmoja alitiliwa shaka kwa kuwa wa kwanza kushuka ndegeni, mwingine kwa kuwa wa mwisho, na mwingine kwa kushuka katikati. Vijana wa bodaboda mnacheka, maana mnaujua mchezo huo: ukienda mbio unakimbia kitu, ukienda polepole unaficha kitu.

Idara ya forodha ya nchi hiyo hiyo ilipata funzo kubwa zaidi miaka ya mwisho ya 1990. Wakaguzi wa serkali walihesabu upekuzi wa abiria wa mwaka 1997 na 1998. Wakakuta kwamba wanawake weusi raia wa Marekani walipelekwa kupigwa eksirei mara 9 zaidi ya wanawake weupe raia wa nchi hiyo, ilhali waliokutwa na vitu haramu miongoni mwao walikuwa chini ya nusu ya kiwango cha wale weupe. Mkuu mpya wa forodha, Raymond Kelly, aliichukua orodha ya dalili 43 za kumshuku mtu, akaifuta, akaweka 6 mahali pake, zisizotaja asili ya mtu. Upekuzi ulipungua kwa karibu robo tatu, lakini vitu haramu vilivyokamatwa havikupungua, viliongezeka. Gladwell mwenyewe, yule aliyelisifu jicho mwaka 2005, alikieleza kisa hiki katika makala yake ya mwaka uliofuata.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tumepoteza mali kubwa kuliko nyanya, nayo ni imani yenu, wala hatukuwa na habari. Kwa hiyo kituo chetu kimeanza kutumia daftari jipya. Kila anayesimamishwa na kupekuliwa anaandikwa: saa, sababu ya kusimamishwa, muda aliozuiwa, na kilichopatikana. Jina la msafiri haliandikwi. Sababu lazima iwe jambo linaloweza kusemwa mbele ya watu. "Alionekana vibaya" si sababu. "Mzigo una uzito usiolingana na alivyoueleza" ni sababu. Aliyesimamishwa anayo haki ya kuomba kuona mstari wake kabla hajaondoka, na mwenye mzigo mdogo wa biashara aliye na hati zake za utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuogopa kuuliza.

Baadhi ya askari wenzangu wamenung'unika, nami nayaheshimu manung'uniko yao, kwa kuwa wanasimama juani na wengine wamejeruhiwa kazini. Wanasema daftari litawafunga mikono na kuliua jicho. Nawajibu kwa kisa cha Kahneman akiwa luteni wa miaka 21 katika jeshi la Israeli, mwaka 1955. Alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya, kwa sababu wasaili walikuwa wakitegemea hisia zao na utabiri wao haukufaa kitu. Akawaagiza waulize maswali ya kweli juu ya sifa 6, wakitoa alama kwa kila sifa peke yake. Wasaili wakalalamika kwamba wanageuzwa mashine. Akawakubalia jambo moja: mkimaliza kuandika alama zote, fumbeni macho, mfikirieni askari huyo, kisha mtoe alama ya hisia yenu. Baadaye ilionekana kwamba jumla ya zile alama 6 ilitabiri vizuri zaidi kuliko usaili wa zamani, na ile alama ya kufumba macho nayo ilifaa kwa kiwango hicho hicho. Hisia haikufukuzwa. Ilingojea zamu yake, ikaja baada ya kazi.

Hata hivyo daftari nalo hudanganya, na hili nawaomba mlisikilize kwa makini kwa sababu ndilo watu wa takwimu hulisahau. Tukiwapekua akina mama wa mafurushi peke yao, basi daftari litaonyesha kwamba wahalifu wote ni akina mama wa mafurushi, kwa maana hatukumfungulia buti mwenye koti. Hesabu ya kile ulichochagua kukitazama ni picha ya macho yako mwenyewe. Ndiyo maana kila siku baadhi ya wasafiri watachaguliwa kwa bahati nasibu, kwa kuchomoa namba katika kopo, awe mwenye baiskeli au mwenye gari kubwa, awe mgeni au mjomba wangu. Wakubwa watakaokereka kwa kufunguliwa buti nawaomba radhi mapema. Ni kwa kulinganisha hao waliochaguliwa na bahati na wale tuliowachagua sisi kwamba tutajua kama jicho letu lina thamani yoyote.

Sina takwimu za kuwasomea leo. Daftari ni changa, na mistari michache si ushahidi. Naweza kusema tu nilichokiona nilipolifungua jana usiku: katika safu ya mwisho, maneno "hakuna kitu" yanajirudia mstari baada ya mstari, na baadhi ya mistari hiyo ina sahihi yangu.

Mama wa samaki yupo, namwona pale nyuma. Mama, swali lako la siku ile lilikuwa swali la hesabu, nami nilikujibu kwa majivuno. Nakuomba radhi mbele ya baraza hili. Tumekubaliana na mwenyekiti wa soko kwamba baraza liteue watu watatu, mmoja awe kutoka ng'ambo, wawe wanalisoma daftari kila mwisho wa mwezi pamoja na mkuu wa zamu, na jumla zake zisomwe hapa hapa chini ya mwembe. Ningependa wewe uwe mmoja wao. Kama unakubali, tuanze sasa kuwatafuta wale wawili.