KUWAFUNDISHA WAZAZI NI KAZI: TUWAANDAE VIJANA WETU

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini, Nangara, Babati)



  



Tumetakiwa tuzungumzie ajira za vijana wanaohitimu katika madrasa na maahad zetu. Kazi ni nyingi, na wakati hautoshi kuzitaja zote. Tumechagua moja ambayo wengi hapa hawaihesabu kuwa kazi: kumwelimisha mzazi juu ya malezi ya mtoto mdogo, tangu mama anapobeba mimba hadi mtoto anapofikia umri wa kuanza shule.

Tuanze na kisa kilichopokewa kuhusu Umar bin Al-Khattab (R.A.). Katika ukhalifa wake Baitul Mali ilikuwa ikiwatolea watoto posho, lakini kwa sharti kwamba mtoto awe ameachishwa ziwa. Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina wakapiga kambi penye uwanja wa kuswalia. Umar akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf (R.A.) kuwalinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Allah na amtendee wema mwanawe, kisha akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, naye akaenda tena na maneno yale yale. Mwisho wa usiku akaenda mara ya tatu, akamlaumu kuwa ni mama mbaya na akamuuliza mtoto ana nini hata asitulie. Yule mama, asiyejua anazungumza na nani, akajibu kuwa anamlazimisha mwanawe aache ziwa kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa. Wapokezi wanasimulia kwamba Umar aliswalisha Alfajiri na kisomo chake hakisikiki vizuri kwa kilio. Kisha akaamuru itangazwe katika miji kuwa kila mtoto wa Kiislamu atapewa posho tangu kuzaliwa kwake.

Mazingatio yetu yapo hapa. Mara mbili Umar alitoa mawaidha, na mawaidha yenyewe yalikuwa ya haki, lakini mtoto hakunyamaza. Mambo yalibadilika pale alipouliza na kusikiliza. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumuwaidhi mzazi na kumwelimisha. Mama wa hapa kwetu anayetoka alfajiri kwenda kwenye shamba la mahindi na mbaazi, akamwacha mtoto wa miezi minane na dada yake wa miaka saba, amekwisha kusikia mara nyingi kuwa watoto ni amana. Hajakutana na mtu wa kukaa naye mkekani, akamuuliza siku yake inakwendaje, kisha wakatafuta pamoja ni nani mtu mzima wa kubaki na mtoto, ni uji gani uachwe nyumbani, na ni saa ngapi arudi kunyonyesha.

Elimu hii si ngeni katika dini yetu. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah (S.W.) amebainisha muda wa kunyonyesha kuwa miaka miwili kwa mwenye kutaka kuutimiza, akambebesha baba jukumu la chakula na mavazi ya mama, na akaruhusu kuachisha kabla ya muda huo ikiwa wazazi wameridhiana baada ya kushauriana. Baba asiyejua mtoto wake anakula nini ana swali la kujibu katika aya hii. Naye Ibn Qayyim (Allah amrehemu), katika kitabu chake Tuhfatul Mawdud, hakuishia kwenye akika na kumpa mtoto jina. Ameandika pia juu ya kumwachisha ziwa kidogo kidogo, kutomharakisha kutembea kabla ya wakati wake na kumkinga na sauti za kutisha. Huyo ni mwanachuoni wa karne ya nane Hijria, na yaliyomo humo muuguzi wa kliniki ya leo angeyatambua.

Wataalamu wa zama hizi wameyapanga mambo haya katika mafungu matano, katika mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia pamoja na washirika wao: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Fungu la tatu ndilo linalosahauliwa sana kwetu. Maana yake ni kwamba mtoto anapotoa sauti ajibiwe, anapotazama kitu aambiwe jina lake, anapoogopa ashikwe. Wapo wazee wanaomcheka mama anayezungumza na mtoto mchanga kana kwamba amepungukiwa akili! Mtume (S.A.W.) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, na alipombusu Al-Hasan (R.A.) mbele ya Al-Aqra bin Habis, aliyesema kuwa ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, alimjibu kwa maneno ya kuonya kuhusu asiyekuwa na huruma.

Kuhusu lishe, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Sisi walimu wa madrasa humpokea mtoto akiwa na miaka mitano au sita. Jambo hilo huwa limekwisha kutokea, na hakuna fimbo wala hifdhi inayolirudisha nyuma.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26 na kuhusu watoto hadi umri wa miaka minane. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ya jamii, uliolenga kuwapata wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Hao ndio wanaoingia majumbani. Wapo pia maafisa ustawi wa jamii na maafisa maendeleo ya jamii, na walezi wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ambavyo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka visajiliwe. Jirani zetu wa Arusha wana chuo cha maendeleo ya jamii pale Tengeru.

Lakini mlango una kufuli, na lazima tuseme wazi. Kwa kawaida ngazi ya cheti katika vyuo hivi inadai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Sisi tuliosoma elimu ya juu kwa Kiarabu tunaweza kupeleka shahada zetu Tume ya Vyuo Vikuu zitambuliwe. Kijana aliyetolewa darasa la saba akapelekwa maahad hana cha kupeleka. Cheti cha thanawiya hakisimami badala ya kidato cha nne. Njia ipo, nayo ni kufanya mtihani wa maarifa, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni ndefu kwa kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye kutegemewa nyumbani. Mzazi anayepanga leo kumtoa mwanawe shule ili ahifadhi Qur'ani ayapime haya kwanza. Viwili hivyo vinakusanyika.

Wenzetu wa pwani walianza zamani. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walimwomba Aga Khan msaada wa elimu ya watoto wao, na mwaka 1986 ikafunguliwa shule ya awali ya kwanza ya madrasa. Kazi ikaenea Zanzibar na Uganda. Walimu walikuwa wasichana wa mitaa ile ile, wakifundishwa kutengeneza vifaa kwa vitu vya karibu, na wazazi waliketi kwenye kamati. Tofauti ya kiitikadi, ambayo sisi hatuifichi, haituzuii kujifunza utaratibu mzuri.

Wapo wanaouliza kama inafaa binti zetu watoke kwa kazi hii. Tunawauliza nao: mama aliye ndani ya arubaini aingiliwe na nani, ikiwa hakuna mwanamke aliyesoma? Akina baba nao wanahitaji mwanamume wa kuwafundisha, na mahali pao ni hapa msikitini.

Malipo si makubwa, na baadhi ya nafasi ni za posho tu. Anayetafuta utajiri atafute kwingine.

Kwa hapa Nangara, tunaomba kila mwenye binti au kijana aliyemaliza kidato cha nne alete nakala ya matokeo yake kwa imamu kabla maombi ya vyuo hayajafunguliwa, tuangalie nani anastahili wapi. Wasio na cheti waandikwe kando kwa ajili ya mtihani wa maarifa. Na darasa la akina mama liendelee, ila nusu saa ya mwanzo iwe ya kuwasikiliza wao.