Bei Kwanza, Ramani Baadaye



Mwanafunzi wa usanifu wa majengo anapoambiwa achore nyumba ya gharama nafuu, kwa kawaida huanza na sura ya nyumba. Huchora paa, akapanga vyumba, akapanda miti miwili mitatu mbele ya mlango. Bei huihesabu mwishoni, na ikizidi, hufuta chumba kimoja. Mwenye kuihukumu kazi hiyo ni mwalimu. Mtu atakayelala humo hayupo darasani.

Katika Jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, lipo darasa lililougeuza utaratibu huo. Mwaka 1993 Samuel Mockbee na D. K. Ruth, walimu wa Chuo Kikuu cha Auburn, waliwapeleka wanafunzi wao Wilaya ya Hale, nchi ya mashamba ya pamba ya zamani, ambako umaskini ni mwingi hasa miongoni mwa wazao wa watumwa. Darasa hilo likaitwa Rural Studio. Wanafunzi walichora na kujenga kwa mikono yao: nyumba ya marobota ya nyasi kavu, kanisa dogo la matairi makuukuu yaliyoshindiliwa udongo, ukumbi ulioezekwa kwa vioo vya magari. Picha za majengo hayo zilienea duniani. Lakini, kwa kusema kweli, fundi wa kijiji cha pili asingeweza kuyaiga, na jirani aliyekuwa akivujiwa na mvua aliendelea kuvujiwa.

Mwaka 2005, miaka minne baada ya kifo cha Mockbee, chini ya uongozi wa Andrew Freear, kazi ya namna nyingine ilianza. Safari hii bei ndiyo iliyotangulia: dola 20,000, vifaa pamoja na ujira wa fundi. Kiasi hicho hakikubuniwa tu. Ulitazamwa mkopo wa serikali wa nyumba za mashambani, ikaulizwa: mzee anayeishi kwa malipo ya uzeeni peke yake aweza kulipa kiasi gani kwa mwezi? Jibu lilikuwa kama dola 100. Ndipo kalamu ikashikwa.

Hapo mwanafunzi hujifunza mambo ambayo ramani nzuri huyaficha. Urefu wa ubao dukani huamua upana wa chumba, kwa kuwa kila kipande kinachokatwa na kutupwa kimekwisha kulipiwa. Nyumba huinuliwa juu ya nguzo, saruji ikatumika kidogo na hewa ikapita chini ya sakafu. Dari huwekwa juu, madirisha yakaelekeana. Na baraza haliondolewi. Wapo watakaoliona kuwa anasa katika nyumba ya chumba kimoja. Lakini katika joto la Alabama mzee hushinda barazani na wageni huwapokea barazani. Bila hilo nyumba ingekuwa sanduku tu. Baadaye zilichorwa pia za vyumba viwili, kwa wenye watoto.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, haukutoka kwenye mbao na misumari. Nyumba ilipokwisha kufaa, benki hazikuvutiwa nayo. Karatasi, wakaguzi na wanasheria wa mkopo mdogo hugharimu karibu sawa na wa mkopo mkubwa, na faida yake ni haba. Hivyo maskini anayeweza kulipa hunyimwa kwa sababu anataka kidogo mno. Huishia kununua nyumba ya kiwandani, ile inayokokotwa kwa gari, ambayo thamani yake hushuka mwaka hata mwaka. Kiwanja na tangi la maji machafu ni gharama nyingine kabisa.

Bei ya vifaa nayo imepanda, na zile dola 20,000 hazitoshi tena. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo haulizwi gharama ya kujenga peke yake. Huulizwa pia umeme utalipiwa kiasi gani wakati wa joto, bima itakuwa kiasi gani, na mzee akiumia mguu, ataufikiaje mlango ulioinuliwa juu ya nguzo.