Jino Lililorudishwa Bado Lahitaji Kuangaliwa

Leo tunaongea juu ya jino la mtoto lililotoka kwa kuanguka, kisha likarudishwa mahali pake.

Mama mmoja wa Kawangware alinijia na binti yake wa miaka 11. Miaka 3 kabla ya hapo, msichana huyo alianguka akichota maji, na jino la mbele la juu likatoka zima pamoja na mzizi wake. Walilifunga kwa karatasi, na kesho yake daktari akalirudisha. Jino lilishika, halikuuma, nao hawakurudi tena kliniki. Sasa mama aliniuliza, "Sista, mbona jino hili linaonekana fupi kuliko mwenzake?"

Wapenzi wasikilizaji, jino kushika si sawa na jino kupona. Mzizi wa jino umefunikwa na utando mwembamba ulio hai, unaouunganisha na mfupa wa taya. Jino likitoka, utando huo huanza kukauka. Likikaa kavu kwa saa 1 hivi, sehemu kubwa ya utando huwa imekufa. Jino likirudishwa hapo, mfupa hugandamana na mzizi, ukaula polepole na kuchukua nafasi yake. Mtoto hasikii maumivu. Lakini taya lake linakua, meno mengine yanashuka, na lile limekwama pale pale. Ndiyo maana jino la binti yule lilionekana fupi.

Kuna hali nyingine iliyo ya haraka zaidi. Mishipa iliyo ndani ya jino ikifa na vijidudu vikiingia, mzizi unaweza kuliwa kwa wiki au miezi michache tu. Hii inaweza kuzuiwa. Daktari husafisha ndani ya mzizi na kuujaza dawa. Kwa jino lililokomaa, kazi hiyo huanza ndani ya wiki 2. Kwa mtoto ambaye mzizi wake haujakomaa, daktari anaweza kungoja huku akiangalia, kwa sababu mishipa huweza kufufuka.

Sasa mama, ufanye nini siku ya ajali?

Kwanza, tazama mtoto. Ikiwa amezimia au anatapika, mkimbize hospitali. Afya yake ni mbele ya jino.

Pili, hakikisha ni jino la ukubwani. Meno ya mbele ya ukubwani huota kuanzia miaka 6 au 7. Jino la utotoni halirudishwi, kwa maana laweza kuumiza lile linalokuja chini yake.

Tatu, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Usilisugue, wala usitie dawa yoyote. Likiwa chafu, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi, ulirudishe kwenye shimo lake papo hapo, na mtoto aume kitambaa safi.

Nne, ukishindwa kulirudisha, litie ndani ya maziwa baridi. Pakiti ndogo ya maziwa ya dukani yatosha. Usilifunge kwa karatasi wala kulitia mfukoni. Nenda kwa daktari wa meno mara moja. Hospitali ya Kenyatta ina matibabu ya meno, na pia hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko barabara ya Argwings Kodhek. Uliza pia kama mtoto anahitaji sindano ya pepopunda.

Daktari atalifunga jino kwa waya mwembamba kwa wiki 2 hivi. Waya ukitolewa, akina mama wengi husema kazi imekwisha. La hasha! Mtoto arudi baada ya wiki 4, miezi 3, miezi 6, mwaka 1, kisha kila mwaka kwa miaka 5 au zaidi. Picha ya eksirei ndiyo huonyesha mzizi unaoliwa, kwa maana jicho la mama haliwezi kuuona. Najua nauli na ada ni mzigo. Lakini tarehe ukizikosa zote, utagundua shida ikiwa imechelewa.

Na kama mzizi umeanza kuliwa, usikate tamaa, wala usikimbilie kung'oa. Jino hilo laweza kumsaidia mtoto kwa miaka kadhaa, likishikilia nafasi na mfupa wa taya. Binti yule wa Kawangware sasa yuko chini ya daktari wa meno, naye mama yake ameandika tarehe za kliniki kwenye kalenda ya ukutani.

Nawe mama, kama mtoto wako aliwahi kurudishiwa jino na hukurudi kliniki, mpeleke wiki hii.