KIJIJI CHA WAINGEREZA NA DAFTARI LA KARANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kijiji cha mashamba katika nchi ya Waingereza, jinsi kilivyokaa zamani na jinsi kilivyogeuka. Huenda wengine wakauliza, Yatuhusu nini sisi makarani? Twawasihi mvumilie kidogo, nanyi mtaona ya kuwa habari hii yafika hata mezani petu.

Zamani, hasa katika sehemu za katikati ya nchi ile, nyumba zilikaa pamoja kando ya njia, na kanisa karibu nazo. Kuzunguka kijiji palikuwa na makonde makubwa mawili au matatu yasiyo na ua. Kila konde lilikatwa ngwe ndefu nyembamba, na kila mkulima alikuwa na ngwe zake huku na huko, hata udongo mzuri na mbaya ukagawanyika. Palipokuwa na makonde matatu, moja lilipandwa ngano, la pili shayiri au kunde, la tatu likapumzishwa. Mavuno yakiisha, mifugo ya wanakijiji iliingia kula mabua. Tena palikuwa na malisho ya wote, ambapo hata maskini asiye na ngwe aliweza kulisha ng'ombe wake mmoja na kuokota kuni.

Mambo hayo yaligeuzwa kwa sheria. Toka mwaka 1604 hata 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi ua, jumla yake kama ekari 6,800,000, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano za nchi ya England. Wenye ardhi kubwa walipeleka maombi. Makamishna wakateuliwa, wapimaji wakaja na minyororo yao, ngwe zikakusanywa, na kila mwenye mali akapewa ardhi yake mahali pamoja. Miti ya miiba ikapandwa kuwa ua, njia zikanyoshwa, na wakulima wengine wakahama kijijini wakajenga katikati ya mashamba yao mapya.

Tusiseme ya kuwa yote yalikuwa mabaya. Mwenye shamba lililo pamoja aliweza kuchimba mifereji na kuchagua mazao pasipo kungoja jirani. Lakini yule maskini wa malisho je? Makamishna walitaka haki iliyoweza kuthibitishwa. Mpangaji aliyelisha ng'ombe kwa desturi tu mara nyingi hakupata kitu, kwa maana haki ilihesabiwa kuwa ya mwenye nyumba. Na aliyepewa kipande kidogo ilimpasa kukizungushia ua kwa gharama yake; wengi wakauza, wakawa vibarua.

Sasa tazameni Laxton, kijiji cha Nottinghamshire. Makonde yake matatu yangali yakilimwa kwa desturi ya kale, ijapokuwa yamepungua ukubwa. Mwaka 1635 Mark Pierce alichora ramani yake, akaonyesha ngwe zote. Nayo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Hata leo, kila mwaka mwezi wa Novemba, wazee wa baraza hukagua konde lililopandwa ngano, hupiga vigingi vya mipaka, na aliyelima kupita mpaka wake hutozwa faini. Serikali ilinunua mashamba hayo mwaka 1952. Mwaka 2020 yakarudi katika milki ya Thoresby, iliyoyauza hapo kwanza.

Vijiji vingine vimegeuka mara ya pili. Trekta moja yafanya kazi ya watu wengi. Wakaaji wengi huenda mjini kila siku kwa kazi. Nyumba za vibarua wa kale zimenunuliwa na wenye fedha. Na mahali pengi duka na shule zimefungwa.

Mabwana, wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Yule maskini hakunyang'anywa kwa upanga. Alipotezwa na karatasi ambayo jina lake halikuandikwa. Basi ajapo mbele yetu mzee asiyejua kusoma, akasema, "Baba yangu alilisha hapa, na babu yangu pia," tusimwambie arudi kesho. Tumpe kiti, tuchovye kalamu, tuandike neno lake kama alivyolisema, na tarehe chini yake.