Tulipoishia na Tutakapoanzia: Istilahi za Uchakataji wa Mikondo ya Ujumbe



Mada yangu ni istilahi chache za kompyuta ambazo, zikitafsiriwa bila kuzingatia kazi zake, humpotosha anayejifunza. Nitazichunguza kupitia Kafka, programu iliyoanzia katika kampuni ya LinkedIn, na ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2011.

Kafka hupokea ujumbe mfululizo na kuupanga katika mafungu. Ndani ya kila fungu, kila ujumbe hupewa nambari, kuanzia 0. Programu inayousoma hutunza mambo mawili: nafasi iliyofikia, na hali, yaani matokeo ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Tuchukue mfano ulio karibu na wanaisimu. Programu inahesabu neno "lakini" katika sentensi za magazeti zinazoingia moja moja. Imemaliza ujumbe namba 40, na hesabu ni 12. Ujumbe namba 41 una neno hilo mara moja. Hesabu inakuwa 13. Ikihifadhi 13, kisha umeme ukakatika kabla ya nafasi kuhifadhiwa, itakapowashwa itausoma tena ujumbe uleule na kupata 14. Ikitanguliza kuhifadhi nafasi, ikazimika kabla ya kuhifadhi hesabu, itasonga mbele na 12, na neno moja litakuwa limepotea. Kosa hili halijitangazi. Mtunga kamusi atakayetegemea takwimu hizo atapotoka bila kujua.

Dawa yake ni kuhifadhi vyote viwili kwa pamoja. Flink, programu ya kuchakata mikondo, hupitisha alama maalumu katikati ya ujumbe. Kila sehemu ya programu inapofikiwa na alama hizo huandika hali yake, na sehemu inayosoma huandika nafasi yake. Mbinu hiyo imejengwa juu ya wazo la Chandy na Lamport la mwaka 1985. Kazi ikianguka, hali na nafasi hurejeshwa kutoka hifadhi moja.

Sasa tuje kwenye istilahi. Mtu anaweza kushawishika kuiita nambari inayohifadhiwa "nambari ya ujumbe uliosomwa". Sivyo. Katika Kafka, aliyemaliza ujumbe namba 41 huhifadhi 42, yaani nambari ya ujumbe unaofuata. Kiswahili hakikosi nyenzo hapa: kinatenganisha waziwazi tulipoishia na tutakapoanzia. Kwa hiyo napendekeza "nambari ya nafasi" kwa ile ya kila ujumbe, "nambari ya kuanzia" kwa ile inayohifadhiwa, na "hifadhi ya pamoja" kwa nafasi na hali zilizowekwa kwa mkupuo mmoja.

Kigezo changu si ufupi wala utamu wa neno. Ni kwamba mwanafunzi akilisikia, ajue aandike 41 au 42.