Sanduku Lisitegemee Mtu Mmoja
Maneno ya Mwenyekiti katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi chetu

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawakumbuka, na hisa zao watoto wao wamekabidhiwa kama katiba yetu inavyosema.

Historia ya kikundi ameiandika katibu kwa urefu katika kitabu hiki, kwa hiyo hatutairudia. Leo tumeona tuzungumze juu ya elimu tuliyoipata mwaka huu, kwa sababu elimu hiyo imetuletea jambo ambalo wanachama inabidi mlikatie shauri kabla ya kuanza mzunguko mpya.

Mmoja wetu anasoma chuo jioni, akishafunga meza yake sokoni. Katika masomo yake ya mwaka wa kwanza lipo somo linaloitwa misingi ya usimamizi wa biashara. Tukamwomba kila Jumamosi, tukishamaliza kikao na kulifunga sanduku, atueleze yale aliyofundishwa wiki hiyo. Wengi wetu hapa tumeishia darasa la saba, na wengine hatukulifikia. Siku ya kwanza kuna waliosema, "Jamani, usimamizi ni mambo ya wenye maofisi na viyoyozi, sisi wauza mchicha yanatuhusu nini?" Lakini kadiri Jumamosi zilivyokwenda, hakuna aliyetaka kuondoka.

Kumbe elimu hii haikuanzia kwenye viyoyozi. Mmoja wa watu wa kwanza kuiandika vizuri alikuwa mhandisi wa migodi huko Ufaransa, Henri Fayol. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni ya migodi na chuma iliyokuwa karibu kufilisika, naye akaisimamisha tena. Mwaka 1916 akaandika yale aliyojifunza kazini. Alisema kusimamia ni kazi yenye sehemu zake, na mtu yeyote anaweza kufundishwa. Vitabu vya siku hizi vinazihesabu sehemu hizo kuwa nne: kupanga, kugawa kazi, kuongoza na kudhibiti. Tena alisema wazi kwamba hata nyumba inahitaji usimamizi, siyo kampuni tu. Hapo akina mama tukapiga makofi, maana nani asiyejua kugawanya kilo mbili za unga mpaka mwisho wa wiki?

Basi tuzitazame hizo nne kwa macho yetu wenyewe.

Kwanza, kupanga. Kupanga ni kujua leo pesa ya kesho itatoka wapi na itakwenda wapi. Mwalimu wetu alituletea hesabu ya tenga la nyanya, na namba hizi tunazitaja kwa mfano tu. Umenunua tenga kwa shilingi 40,000, usafiri 5,000, ushuru na mfuko 1,000. Jumla umetoa 46,000. Unapanga mafungu 60 ya shilingi 1,000. Mtu anaondoka nyumbani anasema, "Leo nina faida ya 14,000." Lakini mafungu 8 yameoza au yamepondeka. Umeuza 52, umepata 52,000, faida yako ni 6,000. Na ukitoka saa kumi alfajiri ukarudi saa kumi na mbili jioni, ni saa 14. Gawanya mwenyewe: hata shilingi 430 kwa saa haifiki.

Jambo lililotuingia zaidi ni hili. Mafungu 46 ya mwanzo si yako. Hayo ni ya mwenye shamba, mwenye gari na mwenye ushuru. Faida inaanza kwenye fungu la 47. Kwa hiyo ukimkopesha jirani mafungu matatu, ukabeba mawili ya kupika nyumbani na moja ukampa shemeji, umegawa yale sita ya juu, yaani faida yote ya siku. Tangu Jumamosi ile, sokoni hapa Morogoro mkitusikia tunaulizana "umefika arobaini na saba?" mjue ndiyo habari hiyo. Kila biashara ina arobaini na saba yake, iwe maandazi, mitumba, mkaa au dagaa. Asiyeijua ya kwake ndiye anayekopa mkopo wa kausha damu kujazia mtaji, akidhani amepungukiwa bahati.

Pili, kugawa kazi. Fayol alisema kila mtu awe na kazi yake inayojulikana, na kila mfanyakazi apokee amri kwa mkubwa mmoja. Sisi tuna mradi wetu wa kukodisha viti, maturubai na masufuria. Hapo mnaona faida ya maneno hayo. Kitabu cha kukodisha kinaandikwa na mtu mmoja. Mwenyekiti akipigiwa simu na mwenye harusi anamwelekeza kwa huyo huyo. Akisema viti vimeshachukuliwa, vimechukuliwa, hata kama anayeomba ni mjomba wa mwenyekiti. Viti vikitolewa na watu wawili, siku moja vitaahidiwa kwa bwana harusi wawili, na aibu itakuwa ya kikundi kizima.

Tatu, kuongoza. Hapa tulifurahi kusikia habari za mwanamke. Mary Parker Follett alikuwa Mmarekani, aliishi kuanzia mwaka 1868 hadi 1933, na wakati huo wanawake waliosikilizwa katika mambo ya biashara walikuwa wachache mno. Yeye alifundisha kwamba ipo nguvu ya kumtawala mwenzako, na ipo nguvu mnayoijenga na mwenzako, na hii ya pili ndiyo inayodumu. Alitoa mfano wa watu wawili katika chumba cha kusomea. Mmoja anataka dirisha lifunguliwe, mwingine anataka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili. Yule wa kwanza akapata hewa, na yule wa pili upepo haukumpiga. Hakuna aliyeshindwa, kwa kuwa walikaa wakaulizana kila mmoja anataka nini hasa.

Tuliposikia hivyo tukakumbuka mabishano yetu ya siku ya kikao. Wauza mboga hawakuitaka Jumamosi asubuhi kwa sababu ni siku ya mauzo, na wengine hawakutaka jioni kwa sababu ya kupika. Tulipoulizana vizuri tukagundua kwamba waliokataa jioni walikuwa wanaogopa giza la njiani, wala si kupika. Tukaweka saa tisa alasiri, kikao kisizidi saa moja na nusu. Mpaka leo ni hivyo.

Nne, kudhibiti. Hili ndilo tunaloomba mlisikilize kwa makini.

Kudhibiti ni kulinganisha yaliyopangwa na yaliyofanyika, na kurekebisha mapema. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu ambao si viongozi. Wahesabu fedha wanahesabu mbele ya kila mtu, na kabla ya kufunga tunatamka wote kwa sauti kiasi kilichobaki, ili hata asiyejua kusoma aondoke nacho kichwani. Tulifundishwa hivyo tulipoanza. Mwalimu wetu wa Jumamosi akatuambia chuoni jambo hilo lina sheria yake: anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika, na anayeandika asiwe ndiye anayekagua. Tukaona kumbe tumekuwa tukifanya mambo ya chuo miaka yote kumi.

Lakini kufuli tatu zinalinda pesa tu. Ujuzi haufungiwi kwa kufuli. Kipo kikundi cha wenzetu, ambacho hatutakitaja, kilivunjika bila mtu kuiba hata senti. Mweka hazina wao aliugua ghafla. Alikuwa mwaminifu sana, na kwa kuwa alikuwa mwaminifu wenzake walimwachia kila kitu miaka na miaka. Daftari alikuwa analiandika kwa namna anayoijua mwenyewe, na mengine aliyashika kichwani. Alipolazwa, hakuna aliyejua nani anadaiwa na nani amekwisha kulipa. Wakaanza kutuhumiana, ndugu na ndugu. Yule mama alipopona alikuta kikundi hakipo.

Jamani, uaminifu wa mtu mmoja haukuweza kukiokoa kikundi kile. Na sisi hapa, tuseme ukweli, mweka hazina wetu ni yule yule tangu mwaka wa kwanza. Katibu ni yule yule. Na kiti cha mwenyekiti tunakikalia sisi wenyewe tangu siku ile ya kwanza. Kila uchaguzi mnasema, "Msiwabadilishe, tunawaamini." Tunawashukuru kwa imani hiyo. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hata asipolitia maji, iko siku atashindwa kupanda mnazi.

Wapo watakaosema kwamba hata kitabu cha chuo kinakataza kubadilisha watu ovyo. Ni kweli. Katika kanuni 14 za Fayol ipo inayosema mtu apewe muda wa kuizoea kazi yake, kwa sababu ukimwondoa kila mara kazi inaharibika. Hatuipuuzi kanuni hiyo. Ndiyo maana hatuwaletei pendekezo la kuwatoa viongozi wote siku moja, maana hiyo nayo ni hatari.

Pendekezo tulilolileta mbele yenu lina mambo matatu. La kwanza, kila cheo kiwe na msaidizi atakayekaa ubavuni mwa kiongozi mzunguko mmoja mzima, aandike daftari kwa mkono wake huku akisimamiwa. La pili, viongozi watatu wa juu wasitoke mwaka mmoja. Atoke mmoja, wawili wabaki, mpaka zamu ikamilike. La tatu, mtu asikalie cheo kimoja zaidi ya mizunguko mitatu mfululizo. Na kiti cha kwanza kubadilishwa kiwe cha mwenyekiti. Sisi tunaokikalia tumekubali, na msaidizi atakayechaguliwa na mkutano mkuu tutamfundisha bila kumficha kitu.

Akina mama, jambo hili lina uzito kuliko zamani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi kama chetu na kuviweka katika daraja la nne, navyo vinatakiwa kusajiliwa. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Anayetaka kuomba mkopo wa namna hiyo lazima aonyeshe kikundi chenye katiba, hesabu na mradi unaoeleweka. Mkopeshaji hawezi kuja kumuuliza mweka hazina nyumbani kwake usiku. Atalitazama daftari, na daftari lizungumze lenyewe.

Ndugu mgeni rasmi, hatuna cheti cha chuo, na hatujidai kwamba Jumamosi chache zimetufanya wasomi. Tunachokuomba ni kimoja. Kama ofisi yako inaweza kutupatia mwalimu wa kutunza hesabu, aje awafundishe wasaidizi hao watakaochaguliwa, hata kwa wiki mbili. Chumba tunacho, madaftari tutanunua wenyewe, na chakula cha mwalimu hakitashinda akina mama hawa.

Nanyi wanachama, mkutano mkuu ni Jumamosi ya kwanza baada ya kugawana. Msije na huruma kwamba mkitupigia kura ya kutubadilisha mtatuudhi. Njooni na swali moja tu: kesho viongozi hawa wote watatu wakiwa hawapo, je, sanduku litafunguliwa saa tisa kama kawaida, na kila mtu atajua hisa zake? Kama jibu ni ndiyo, basi miaka kumi mingine tutaiona. Kama jibu ni hapana, tuanze kazi sasa, tukiwa bado wazima na tunapendana.

Tunawashukuru waume zetu waliovumilia vikao, watoto waliotubebea viti, na wote mliotuchangia sherehe hii. Chakula kipo tayari, kimepikwa kwenye masufuria yetu wenyewe, na yameandikwa kwenye kitabu kwamba yametoka.

Mungu akibariki kikundi chetu.