Akiba ya Nguvu Katika Daraja



Mhandisi akitakiwa kujenga daraja la kupitisha tani 10, halipi nguvu ya tani 10 tu. Hulipa nguvu mara mbili, mara tatu, au zaidi. Ziada hiyo ndiyo akiba ya usalama. Imewekwa kwa ajili ya mambo asiyoweza kuyapima yote: dhoruba, mafuriko, dosari iliyofichika ndani ya chuma, na uchakavu. Haikuwekwa kwa ajili ya dereva mwenye haraka.

Tarehe 12 Aprili 1831, huko Broughton, Uingereza, askari 74 walivuka daraja lililoning'inizwa kwa minyororo, wakienda kwa hatua moja. Daraja liliyumba kwa kufuata miguu yao, bolti ikakatika, na askari wapatao 40 wakatumbukia mtoni. Hakufa mtu. Jeshi la Uingereza likaamuru kwamba juu ya daraja kila askari atembee kivyake.

Tarehe 16 Aprili 1850, katika mji wa Angers, Ufaransa, askari walipewa amri kama hiyo. Lakini upepo wa dhoruba ulilitikisa daraja, nao wakayumba pamoja nalo. Daraja likaanguka, na zaidi ya askari 200 wakapoteza maisha. Halikuwa limetimiza hata miaka 12. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyaya zake, pale zilipofungwa chini ya ardhi, zilikuwa zimeliwa na kutu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya chuma huoza, tena mahali jicho lisipofika. Kwa hiyo kupita salama jana si ushahidi wa kupita salama leo.

Kamanda wa msafara akikuta kibao cha uzito darajani, na akiheshimu: magari yasiyozidi uzito huo yapite moja moja, na lililozidi litafutiwe njia nyingine. Naye polisi anayepokea chochote ili aliruhusu lori lililozidisha mzigo, anauza akiba isiyo yake. Ni mali ya abiria wa basi litakalopita hapo kesho usiku, mvua ikinyesha.

Mhandisi amekwisha maliza kazi yake. Ulinzi wa akiba aliyoiacha umo mikononi mwenu.